Je, Wajua? Kidonge, Chungu cha Mboga na Doa la Njano Ndani ya Jicho

Mama mkubwa wangu huko Tanga alianza kwa kulalamika kwamba mlango wa jikoni umepinda. Fundi akaitwa, akashusha timazi, akasema fremu imesimama wima. Kumbe mlango haukuwa na neno. Mstari ulikuwa unapindia ndani ya jicho lake la kulia. Kabla hajafikishwa kwa daktari wa macho, akawa ameshauziwa chupa mbili za vidonge vya "kurudisha nuru". Nilipozigeuza kusoma nyuma, hapakuandikwa miligramu hata moja. Safu ya leo naiandika kwa ajili yake, na kwa kila mwenye mzazi aliyevuka miaka hamsini.

Je, wajua kwamba sehemu ya jicho inayosoma msahafu, ujumbe wa simu na sura ya mjukuu ni ndogo kuliko punje ya hindi? Inaitwa makula. Upana wake ni kama milimita 5.5, nayo iko katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina iliyobaki itakuonyesha kwamba kuna mtu anapita uani. Makula ndiyo inayokuambia ni nani.

Je, wajua kwamba jina hilo ni la Kilatini, maana yake doa, na kwamba kirefu chake ni "doa la njano"? Katika Kiswahili cha wazee, makula ni chakula. Maneno hayo mawili hayana udugu, lakini yamekutana pazuri, kwa sababu njano ya doa hilo hutoka kwenye sahani.

Je, wajua kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza njano hiyo wenyewe? Mwaka 1945 George Wald, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967, alieleza kwamba rangi ya makula ni ya jamii ile ile ya rangi za majani ya mimea. Miaka 40 baadaye, mwaka 1985, Richard Bone na John Landrum wa Florida walizitaja kwa majina: luteini na zeaksanthini. Hukaa mbele ya chembe zinazoona, zikichuja mwanga wa buluu kama miwani ya jua iliyofungwa kwa ndani, na kuzima sumu zinazozaliwa pale oksijeni na mwanga vinapokutana. Retina inatumia oksijeni nyingi mno kwa udogo wake, basi sumu hizo hazikosekani.

Je, wajua kwamba zeaksanthini imebeba jina la mahindi? Mahindi kwa wanasayansi ni *Zea mays*, na rangi hiyo ni ile ya mahindi ya njano. Wazee wa Tanzania watakumbuka unga wa njano wa miaka ya upungufu wa chakula, ule walioubatiza "Yanga" kwa rangi ya jezi. Watu waliula kwa kununa, wakiwaza sembe nyeupe. Mahindi meupe hayana rangi hiyo ya kumpa mlaji.

Je, wajua ugonjwa wenyewe ni upi? Madaktari huuita kuzorota kwa makula kwa sababu ya umri. Chini ya retina hujikusanya vijitaka vya njano viitwavyo druseni. Vikiwa vidogo vingi, au vya wastani vichache, hiyo ni hatua ya awali, na mwenyewe hana habari. Vikiwa vikubwa, ni hatua ya kati, na mara nyingi bado anaona vizuri. Hatua ya mwisho ina sura mbili. Ya kwanza ni kavu: chembe zinazoona hufa taratibu, kiraka kwa kiraka. Ya pili ni ya maji: mishipa mibovu ya damu huota chini ya makula, ikavuja, na mistari iliyonyooka ikaanza kupinda kama fremu ya mlango wa mama mkubwa. Zishike hatua hizi tatu akilini, maana habari yote ya kidonge imesimama juu yake.

Je, wajua kwamba huu si mtoto wa jicho? Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, mbele ya jicho. Huziba picha nzima, na upasuaji huuondoa. Makula iko nyuma kabisa, na hakuna lenzi mpya itakayoiponya. Nimewasikia wazee wengi wakisema "nina mtoto wa jicho, nasubiri kupasuliwa", wakati hakuna aliyewahi kuwatazama retina kwa kuwapanua mboni.

Je, wajua kwamba makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalihesabu watu milioni 196 wenye ugonjwa huu duniani kufikia mwaka 2020, na milioni 288 kufikia mwaka 2040? Na tusijidanganye kwamba ni wa Wazungu peke yao. Uchunguzi mkubwa wa macho uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, ulipima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 alikuwa na dalili za awali, na kama mtu 1 kati ya 100 alikuwa ameshafika hatua ya mwisho.

Sasa kidonge.

Je, wajua kwamba habari zake zilianza na madini ya zinki? Retina ina zinki nyingi, na mwaka 1988 David Newsome na wenzake wa Marekani walichapisha majaribio ya watu 151. Waliomeza zinki walipoteza uoni kidogo kuliko wenzao. Watu 151 ni wachache kwa jambo zito kama hilo, lakini maduka hayakungoja. Chupa za zinki ya macho zikaanza kuuzwa. Hapo Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ikaamua jambo hili lipimwe sawasawa.

Je, wajua herufi AREDS unazoziona kwenye chupa? Ni jina la utafiti huo. Ulianza kuandikisha watu mwaka 1992 katika vituo 11 vya Marekani. Watu 3,640 wenye viwango mbalimbali vya ugonjwa waligawiwa kwa bahati nasibu. Wapo waliopewa vitamini, wapo waliopewa zinki, wapo waliopewa vyote, na wapo waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, wala hawakujua ni kipi. Wakafuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 6. Majibu yalitoka Oktoba 2001.

Hesabu yake hii hapa, na naomba uisome polepole. Chukua watu 100 walio katika hatua ya kati, au ambao jicho moja limeshafika hatua ya mwisho. Wakikaa miaka 5 na kidonge kitupu, 28 kati yao wataingia hatua ya mwisho. Wakimeza mchanganyiko kamili, wataingia 20. Watu 8 kati ya 100 wamenusurika. Hiyo ndiyo "asilimia 25" inayotangazwa, na ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba 20 waliteleza huku wakimeza kila siku. Kidonge hiki hupunguza mwendo wa ugonjwa. Hakirudishi kilichokwisha potea, wala hakuna mtafiti wa kazi ile aliyewahi kudai hivyo.

Je, wajua kwamba kwa asiye na ugonjwa, au mwenye druseni ndogo za hatua ya awali, utafiti ule haukuona faida yoyote? Jambo hili ndilo linaloniuma kila nikipita mbele ya kabati la "vitamini za macho". Kijana wa miaka 30 anayechoshwa macho na kompyuta anauziwa. Mama anayehitaji miwani ya kusomea anauziwa. Mtoto wa jicho nao ulipimwa katika utafiti ule ule, na mchanganyiko ule haukuuzuia. Mtu anayefaidika ni yule ambaye daktari ameshatazama retina yake na kumwambia: uko hatua ya kati, au jicho lako moja limeshaharibika na lingine liko hatarini.

Je, wajua kwamba dozi zake hazipatikani mezani? Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa hivi kwa siku: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, betakarotini miligramu 15, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Ili upate vitamini C hiyo kwa machungwa, utamenya kama saba kila siku. Na ile zinki? Mama yeyote aliyepeleka mtoto mwenye kuhara zahanati anakijua kidonge cha zinki kinachotolewa pamoja na maji ya chumvichumvi. Kina miligramu 20, na mtoto hunywa kwa siku 10 hadi 14 tu. Mzee wa AREDS alikuwa anameza sawa na vidonge vinne vya namna hiyo, kila siku, kwa miaka.

Je, wajua shaba ilifuata nini humo? Zinki nyingi huzuia shaba isifyonzwe tumboni, na mwili ukikosa shaba hupungukiwa damu. Kwa hiyo shaba iliwekwa kulinda damu. Jicho halikuwa sababu. Ukiona chupa yenye zinki kubwa isiyo na shaba, iulizie. Hata hivyo zinki ilikuwa na gharama yake: waliopewa walilazwa hospitali kwa matatizo ya mfumo wa mkojo mara nyingi kidogo kuliko wenzao, 7.5 kwa kila 100 dhidi ya 4.9.

Je, wajua kwamba kiungo kimoja cha kidonge cha kwanza kilionekana kuwa hatari kwa wavuta sigara? Betakarotini ni ile rangi ya karoti. Watafiti wa Finland waliwapa wanaume wavutaji, katika utafiti wa watu 29,133, wakitumaini itawakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 wakatangaza kinyume chake: saratani iliongezeka kwa asilimia 18. Marekani nako utafiti wa watu zaidi ya 18,000, wavutaji na waliofanya kazi na asbesto, ulikatizwa mapema mwaka 1996 baada ya saratani kuzidi kwa asilimia 28. Karoti ya kutafuna haina lawama hiyo. Waliodhurika walikuwa wakimeza dozi kubwa iliyokamuliwa ikawekwa kwenye kidonge. Ndiyo maana nasikitika kila nikisikia neno "ni vitamini tu, haina madhara".

Je, wajua kwamba jambo hilo ni mojawapo ya yaliyoleta utafiti wa pili? AREDS2 uliandikisha watu 4,203 kati ya mwaka 2006 na 2008, chini ya uongozi wa daktari Emily Chew. Swali lilikuwa: tukiweka luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, je? Na tukiongeza mafuta ya samaki? Majibu ya mwaka 2013 yalikuwa wazi kwa upande mmoja: mafuta ya samaki, omega-3, hayakuongeza kitu. Kwa upande wa luteini, waliofaidika zaidi walikuwa wale waliokula mboga kidogo kuliko wote. Kwao hatari ilipungua kwa asilimia 26. Na katika kundi la betakarotini, saratani ya mapafu iliwapata watu 23, dhidi ya 11 kwa waliokosa. Wengi wao walikuwa wameshaacha sigara zamani.

Walioacha zamani! Mzee aliyetupa sigara miaka ishirini iliyopita hukujibu "mimi sivuti", na muuzaji hana habari. Muulize hivi: "Uliwahi kuvuta?"

Je, wajua kwamba watu wale waliendelea kufuatiliwa? Mwaka 2022 zilichapishwa hesabu za miaka 10. Betakarotini ilikuwa imekaribia kuongeza maradufu uwezekano wa saratani ya mapafu, luteini haikuongeza, na waliopewa luteini walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufika hatua ya mwisho kuliko waliopewa betakarotini. Tangu hapo hakuna sababu ya mtu kununua mchanganyiko wa zamani. Tafuta neno luteini kwenye chupa, na uhakikishe neno betakarotini halipo.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 zilirudiwa kutazamwa picha za retina za watu hao wenye ugonjwa mkavu wa hatua ya mwisho? Kwa wale ambao kidonda kilikuwa bado hakijafika katikati, cha waliomeza mchanganyiko kilisogea kuelekea katikati polepole zaidi, kwa asilimia 55 hivi katika miaka 3. Huu ulikuwa uchambuzi wa takwimu za zamani na si jaribio jipya, lakini kwa anayeithamini kila herufi anayoweza bado kuisoma, mwendo huo ni miezi ya kusoma.

Je, wajua kwamba luteini ya vidongeni kwa kawaida hukamuliwa kwenye maua? Ni merigoldi, yale maua ya rangi ya chungwa ambayo Wahindi hutungia mashada ya hekalu na harusi. Rangi hiyo hiyo huwekwa kwenye chakula cha kuku ili kiini cha yai kikolee. Kiini cha kuku wa kienyeji anayechakura majani uani hukolea bila msaada wa kiwanda, na luteini ya yai hufyonzwa vizuri, kwa kuwa imekuja na mafuta yake.

Je, wajua kwamba mafuta ndiyo ufunguo? Luteini haiyeyuki katika maji. Mchicha uliochemshwa mtupu hukupa sehemu ndogo tu ya ulichonacho sahanini. Watu wa pwani hawakuhitaji maabara: mchicha unakatwakatwa, kitunguu kinakaangwa kidogo, tui jepesi linatangulia, zito linamalizia moto ukiwa mdogo, na ile rangi ya kijani iliyochanganyika na njano inaelea juu ya mafuta ya nazi. Njano ile unayoiona ukingoni mwa sufuria ni jamaa ya doa la jichoni. Kisamvu cha nazi, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga yenye karanga, sukuma wiki iliyokaangwa: vyote ni vya ukoo huo. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kina luteini na zeaksanthini kama miligramu 10, karibu sawa na kidonge.

Je, wajua kwamba mwaka 1994 Johanna Seddon na wenzake walilinganisha vyakula vya wagonjwa na vya wasiougua katika vituo vya Marekani, wakakuta waliokula zaidi rangi za jamii hii walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 43? Ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mboga ndiyo iliyokinga, kwa kuwa mla mboga huwa na desturi nyingine njema pia. Lakini mboga haina orodha ya madhara ya kuogopwa, ila kwa mtu mmoja: mzee anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Huyo asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachokula, wala asiongeze vitamini E, bila kumwambia daktari wake.

Je, wajua kwamba sifa ya karoti ilivumishwa na vita? Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wakizidungua ndege za Wajerumani usiku kwa msaada wa rada ndani ya ndege. Wakatangaza kwamba rubani wao John Cunningham anaona gizani kwa sababu ya karoti. Vitamini A itokanayo na karoti, na viazi lishe vyetu vya rangi ya chungwa, kweli huzuia upofu wa usiku kwa anayeikosa, na matone wanayopewa watoto wetu kliniki huokoa macho na maisha. Lakini huo ni ugonjwa mwingine. Betakarotini haimo katika doa la njano.

Je, wajua kwamba hata penye maandishi, chupa nyingi hazilingani na utafiti? Mwaka 2015 madaktari wa Marekani walipima lebo za bidhaa 11 za macho zilizouzwa sana nchini kwao. Ni 4 tu zilizokuwa na viungo vya utafiti kwa dozi zile zile. Katika nchi hiyo virutubisho havihitaji kuthibitishwa kwamba vinafanya kazi kabla ya kuuzwa. Chukua kalamu, andika hii kwenye karatasi ya kwenda nayo dukani: C 500, E 400, luteini 10, zeaksanthini 2, zinki 80, shaba 2. Zinki 25 nayo ilijaribiwa katika AREDS2, na haikuonekana tofauti ya maana na 80, muulize daktari.

Je, wajua kwamba ugonjwa wa maji haungoji kidonge? Tangu miaka ya 2000 kuna sindano zinazochomwa ndani ya jicho kuzuia mishipa mibovu, na ranibizumabi iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2006. Majaribio yake yalionyesha wagonjwa wengi wakishika uoni wao, na wengine wakiongeza. Ila siku ni mali. Mistari ikianza kupinda, mtu aende wiki hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kipimo cha nyumbani ni karatasi yenye miraba? Marc Amsler, daktari wa Uswisi, ndiye aliyeieneza katika miaka ya 1940. Funika jicho moja, vaa miwani yako ya kusomea, tazama nukta ya katikati, kisha badilisha. Wengi hawajui wameharibikiwa jicho moja kwa sababu lile zima linawafichia siri.

Mama mkubwa hana karatasi hiyo. Daktari alipompanua mboni alikuta jicho la kulia lina ugonjwa wa maji, la kushoto lina druseni kubwa. Sindano ni za la kulia. Kidonge, sasa chenye luteini na lebo inayosomeka, ni cha la kushoto, lile analofikiri halina neno. Kila asubuhi, chai ikichemka, anakaa kitandani, anafunika jicho la kulia kwa kiganja na kuzitazama nondo za dirisha, moja moja, kutoka upande wa mwembe hadi upande wa barabara. Ni kumi na moja. Nikimpigia simu swali langu la kwanza ni hilo, naye hujibu kabla ya salamu: "Zimesimama, mwanangu. Zote."